Sikio la kushusha baharini kwa kisahani cha bazaa: mwongozo kamili wa fundi wa Tanga

Kila nikipita Deep Sea hapa Tanga siku hizi naulizwa lile "sikio" langu nauza bei gani, na jibu langu ni lilelile, siuzi, ila nitaandika namna ya kulitengeneza kila mtu ajitengenezee. Ndo huu sasa. Ni maiki ya kuzamisha majini, unaishusha kwa kamba, unaichomeka kwenye simu, unavaa iafoni unasikia kinachoendelea huko chini. Kitu kikuu ndani yake ni kisahani cha bazaa, yani kile kidude cha kutoa mlio, kisahani chembamba cha rangi ya dhahabu chenye duara jeupe katikati, kipo kwenye kadi za bethidei zinazoimba, saa za mezani, midoli ya watoto na simu za mezani za zamani zinazolia kama chiriku. Mimi cha kwanza nilikitoa kwenye saa iliyokufa, bure kabisa.

Nikuambie mapema tatizo liko wapi maana mimi lilinila mwezi mzima. Watu wengi wakishika hiki kisahani wanakichomeka moja kwa moja kwenye simu, wanasikia kitu kikavu kama kijiko kinagonga bati, wanasema kisahani kibovu wanatupa. Kisahani si kibovu. Ulichokibebesha ndo kizito. Ukilielewa hilo mambo mengine yote ni gundi na uvumilivu tu.

Kisahani kinafanyaje kazi

Kuna vitu ukivibana au kuvipinda vinatoa umeme, na ukivipa umeme vinajipinda. Ndo piezo hiyo. Ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua mwaka 1880 wakiwa na mawe kama kwazi, halafu wakati wa vita kuu ya kwanza Paul Langevin akachukua kwazi akaibana kwenye vyuma akatengeneza chombo cha kutafuta nyambizi kwa sauti majini. Kwa hiyo hili sikio letu ni mjukuu wa kile chombo, tena mjukuu wa bei ya chai na chapati.

Hilo duara jeupe kwenye kisahani si kwazi, ni kauri iliyotengenezwa kwa risasi, zirkoni na titani, mafundi wanaiita PZT. Kauri hii ni ya aina nyingine kidogo, inaitwa feroelektriki, na usidanganyike na jina ukadhani ina chuma, haina. Maana yake ndani yake kuna vijisehemu vya umeme vilivyoelekezwa upande mmoja, na kiwandani vinaelekezwa kwa kuipiga kauri volti kubwa ikiwa ya moto. Ikitoka hapo inakumbuka mwelekeo wake miaka na miaka. Ila ukiipasha moto kupita kiasi inasahau, vijisehemu vinageukia huku na huku, unabaki na kigae tu. Shika hilo, tutalihitaji kwenye kuchomea waya.

Jambo jingine: kisahani kinajibu mabadiliko, hakijibu kitu kilichotulia. Ukikiwekea jiwe juu kitatoa umeme ule mpigo wa kwanza halafu kinanyamaza kabisa, chaji inavuja yote. Kuna jamaa alitaka kutengenezea mzani wa kupimia samaki nikamwambia ndugu yangu utauza papa kwa bei ya dagaa.

Huo mzigo ninaousema

Kisahani cha milimita 27 ni kama kapasita ya nanofaradi 20 hivi (ukiwa na mita inayopima kapasita hakikisha, kikisoma sifuri kimepasuka). Ukikiunganisha na saketi yoyote, ule ukinzani wa saketi unakula sauti nzito zote zilizo chini ya kiwango fulani. Hesabu yake ni 1 gawanya kwa (2 mara 3.14 mara omu mara faradi), omu ndo kipimo cha ukinzani. Mdomo wa maiki wa simu una kama omu 2,200. Fanya hesabu utapata hezi 3,600 hivi, yani mitikisiko 3,600 kwa sekunde. Yani kila sauti iliyo chini ya hapo inanyongwa, na injini za boti, milio mingi ya samaki, mawimbi, vyote viko chini ya hezi 1,000! Ndo maana unasikia kijiko na bati. Sasa weka omu milioni moja badala ya 2,200, kiwango kinashuka mpaka hezi 8. Kisahani kilekile.

Kwa hiyo tunachotengeneza katikati si cha kukuza sauti hasa. Utaona chini kwamba tunakuza mara 11 halafu tunapunguza karibu mara 10, mtu akiona anasema huyu fundi kachanganyikiwa, lakini lengo ni kisahani kikutane na omu milioni moja upande wake na simu ikutane na kitu ilichokizoea upande wake.

Vitu vya kutafuta

Visahani viwili vitatu maana kimoja utakiharibu. IC (kile kidude cheusi chenye miguu) ya TL072, ipo kwenye mikisa na amplifaya nyingi mbovu, chungulia kwenye maboksi ya mafundi wa Ngamiani kabla hujaagiza Dar. Rezista: moja ya mega 1, mbili za kilo 100, mbili za kilo 10, moja ya kilo 1, moja ya kilo 2.2 (kilo ni omu elfu, mega ni omu milioni). Kapasita ya nanofaradi 100 mbili na za maikrofaradi 10 tatu. Betri ya volti 9 na kishikio chake. Waya wa maiki, ule wenye wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani, mita 10 zinatosha, usitumie waya wa kawaida wa spika utasikia umeme wa nguzo unanguruma tu. Gundi ya epoksi ya tyubu mbili. Kifuniko cha plastiki kinachokizidi kisahani kidogo, mimi nilitumia cha kopo la dawa. Jeki ya milimita 3.5 na ule waya wa kugawa tundu la simu kuwa mawili, la maiki na la iafoni. Chubwi la nusu kilo. Na kamba ya katani, tuko Tanga bwana, tutanunua ya nailoni ya nini.

Kuchomea waya kwenye kisahani

Hapa nenda taratibu. Menya waya, wavu usokote upande mmoja, waya wa kati upande mwingine. Wavu unakwenda kwenye dhahabu, wa kati unakwenda kwenye duara jeupe. Huo weupe juu ni ngozi nyembamba sana ya fedha, ukiikandamiza pasi inayeyuka pamoja na risasi inabaki kauri tupu haishiki tena. Kwa hiyo paka risasi kwenye ncha ya waya kwanza, weka tone dogo ukingoni mwa duara si katikati, gusisha, hesabu moja mbili, ondoa. Ukifika tano ushapoteza. Upande wa dhahabu wenyewe ni mgumu kidogo, unanyonya joto, ukwaruze na kisu kwanza.

Usipige msasa kauri wala usiivunje uone ndani kuna nini, ina risasi ile ya sumu, vumbi lake si la kuvuta. Ukimaliza nawa mikono kabla hujashika andazi. Na watoto wasichezee vipande.

Kujua kama kiko hai, weka mita kwenye volti za AC ndogo, gonga kisahani na kucha. Namba ikiruka kiko hai. Ukikigonga kwa nguvu kinaweza kutoa makumi ya volti, kwa hiyo usikigonge kikiwa kimeunganishwa na IC. Kile kiberiti cha gesi cha kubonyeza kinachotoa cheche bila betri ni piezo hiyohiyo, pale ndani nyundo ndogo inapiga kauri zinatoka maelfu ya volti.

Kukifungia maji yasiingie

Hapa nina kisa. La kwanza nililifunga kwa silikoni ya bomba, ile inayonuka siki. Likapendeza kweli, nikalipeleka Raskazone, siku ya kwanza safi, siku ya pili linakwaruza, siku ya nne kimya. Nikapasua. Ndani hakuna hata tone la maji, ila dhahabu yote imeota ukungu wa kijani na wavu wa waya umekuwa mweusi unakatika kama unyasi. Ile harufu ya siki ni asidi kweli, inatoka wakati silikoni inakauka, na nilikuwa nimeifungia humo ndani na shaba usiku kucha. Bahari nilikuwa naisingizia bure. Toka siku hiyo silikoni ya siki kwenye vitu vya umeme sitaki kuiona.

Epoksi basi. Toboa kifuniko ubavuni pitisha waya, funga fundo kwa ndani ili ukivutwa using'oe kisahani. Kisahani kilale uso wa dhahabu ukitazama chini, kisiguse plastiki, weka vipande vya njiti ya kiberiti chini yake. Changanya epoksi polepole, ukikoroga kama uji wa mgonjwa unaingiza mapovu. Mapovu ndo adui maana sauti inayosafiri majini ikikutana na hewa inarudi ilikotoka, haipiti. Epoksi iko karibu na maji zaidi kwa tabia hiyo, kwa hiyo sauti inaingia vizuri. Mimi naiweka epoksi juani dakika chache inalainika, mapovu yanapanda yenyewe, halafu namimina kidogokidogo kutoka pembeni. Jaza mpaka kisahani na mahali waya ulipoingia vizame kabisa, kiweke siku nzima hata kama paketi imesema dakika tano. Ya dakika tano inawahi kushika lakini kukomaa bado.

Saketi

Chukua bodi ya matobo. TL072 ina pini nane, kidoti kiko pini ya 1. Pini ya 8 kwenye chanya ya betri, ya 4 kwenye hasi, na hasi hiyohiyo ndo graundi yetu, wavu wa waya unaishia hapo. Kapasita moja ya 100n (nanofaradi 100) ivuke kati ya 8 na 4.

Zile kilo 100 mbili zifunge mfululizo kutoka chanya kwenda hasi, pale zinapokutana utapata volti 4.5, nusu ya betri. Weka kapasita ya 10µ (maikrofaradi 10) kutoka hapo kwenda graundi itulie. Kutoka hapo hapo katikati chukua ile mega 1 peleka pini ya 3. Waya wa kati wa kisahani unapita kwenye 100n nyingine ndipo unafika pini ya 3. Hiyo mega 1 ndo omu milioni niliyoisema, usiibadilishe na ya kilo 10 kwa kuwa ndo uliyonayo mfukoni, utakuwa umerudi kwenye kijiko na bati.

Pini ya 1 na ya 2 ziunganishwe kwa kilo 10. Kutoka pini ya 2, kilo 1 mfululizo na 10µ mpaka graundi, upande wa chanya wa kapasita utazame pini. Hapo ndo mara 11. Nusu ya pili ya IC hatuitumii lakini usiiache inaelea, pini ya 5 ipeleke kwenye ile 4.5, ya 6 na 7 zifunge pamoja.

Kutoka nje: pini ya 1, kapasita ya 10µ (chanya upande wa pini), halafu kilo 10, halafu ncha ya jeki. Na ile 2.2k inavuka kati ya ncha ya jeki na graundi, bila hiyo simu nyingi hazitambui kama umechomeka maiki. Basi. Iweke yote kwenye kopo la bati la chai au la maziwa, bati liguse graundi, mingurumo ya umeme inapungua sana.

Betri ikishuka chini ya volti 7 IC hii inaanza kuzingua, sauti inakatikakatika kama redio ya bondeni. Kabla hujaanza kufungua kila kitu badilisha betri kwanza, nakuambia hivi kwa sababu niliwahi kufungua kila kitu.

Ndoo kwanza

Usikimbilie baharini. Jaza ndoo, tumbukiza sikio, mwambie mtu adondoshe shilingi. Unatakiwa usikie mlio wa maji, kisha shilingi ikitua chini, kisha ndoo yenyewe ikivuma. Ukisikia kunguruma tu, angalia wavu kama umeshika graundi. Kwenye simu tafuta programu ya kurekodi inayokuwezesha kuzima kupunguza kelele na kurekebisha sauti yenyewe, na irekodi WAV, faili la sauti lisilobanwa. Simu zimefundishwa kusikia maneno ya mtu, kitu chochote kinachofanana na mkwaruzo inakifuta, na baharini mkwaruzo ndo wenyewe uliokuja kuufuata.

Baharini

Funga chubwi kwenye kamba ya katani, sikio lifunge nusu mita juu ya chubwi, waya ufuate kamba ulegee kidogo ili uzito ubebwe na kamba si waya. Nenda wakati maji yamesimama, baada ya kujaa kabla hayajaanza kupwa, maana yakikimbia kamba inapiga mluzi na hutasikia kingine. Siku za maji mafu ni nzuri kuliko bamvua. Usiende kushusha mawaya eneo la bandari bila ruhusa, utakuja kueleza vitu virefu. Nenda ufukweni au omba lifti ya ngalawa.

Mimi nilikwenda na mzee mmoja wa Sahare. Nikamwamkia shikamoo, marahaba mwanangu, umekuja na mitego gani leo? Nikamwelezea, akacheka tu. Tulipofika kwenye mwamba nikazamisha, nikampa iafoni. Akakaa kimya muda mrefu, akazishika masikioni kwa mikono miwili, akaniuliza, "Huko chini wanakaanga nini?"

Ndivyo inavyosikika kweli. Bahari ya huku joto ukizamisha sikio karibu na mwamba unasikia mchemko usioisha kama bisi kwenye sufuria au mafuta ya mihogo, ni kamba wadogo wenye gando moja kubwa, wanalifyatua kwa kasi mpaka linatengeneza povu, povu likipasuka ndo huo mlio. Wako maelfu. Mara ya kwanza unadhani saketi imeharibika. Namna ya kujua: toa sikio kwenye maji, mchemko ukiisha hapohapo basi ni wao, ukiendelea ni wewe na risasi zako. Mzee akanirudishia iafoni akasema yeye hao anawasikia miaka yote, akizamisha kafi na kuweka sikio kwenye mpini. Nikajaribu. Wanasikika kweli, kwa mbali.

Injini za boti utazisikia kabla hujaziona. Sauti majini inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde, angani ni 340 tu. Na kwa pwani yetu hii kuna mlio mwingine mnaujua, baruti ya kuvulia samaki. Ni pigo moja zito kali, halafu mchemko wa kamba unarudi. Ukilirekodi andika saa na mahali ulipokuwa, wape BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni) ya eneo lako au maafisa uvuvi, usiende kuwafuata wapigaji mwenyewe.

Kijana aliyeleta GPS

Baada ya habari kusambaa kijana mmoja akaniletea GPS ya boti iliyokufa, kaifungua, ndani kuna kigae cha mraba cha kauri chenye fedha juu, anasema fundi hii si ndo piezo, tuichomoe tufanye sikio. Zinafanana kweli, ila hapana. Ile ni antena. Mawimbi ya GPS ni megahezi 1,575.42, urefu wa wimbi sentimita 19, antena ya nusu wimbi ingekuwa na sentimita 9 na kitu. Lakini kauri ile inalipunguza wimbi likiwa ndani yake, kauri yenye namba ya dielektriki (kipimo cha namna inavyolikwamisha wimbi) ya 20 inalifupisha mara 4.5 hivi, unapata kigae cha sentimita 2 na kidogo. Gonga utakavyo, haitoi umeme wa maana.

Ndugu wa feroelektriki wapo kwenye antena pia, kuna kauri ya bariamu, strontiamu na titani ambayo hiyo namba yake inabadilika ukiipa volti, kwa hiyo wameiweka kwenye simu kadhaa kama kapasita ya kurekebisha antena, mkono wako ukiifunika simu inajipanga upya. Na piezo halisi ipo nyuma ya antena ya kila simu, ile michujo midogo inayochagua masafa. Inageuza wimbi la redio kuwa mtikisiko juu ya fuwele, mtikisiko unatembea kilomita 3 au 4 kwa sekunde badala ya laki tatu, kwa hiyo kazi ambayo ingehitaji kitu kikubwa inafanyika kwenye kipande kidogo kuliko punje ya mchele. Yule kijana akaniuliza kama tunaweza kutengeneza na hiyo. Nikamwambia tuanze na saa ya mezani.

Kulitunza

Ukirudi lisuuze kwa maji baridi, na kamba pia, chumvi ikikaukia kwenye maungio inaanza kula. Waya usiuzungushe kiganjani ukaubana kwa fundo, utakatika ndani pale pale na hutauona, uzungushe kwa duara kubwa utundike. Pale waya unapoingia kwenye epoksi pakague kila safari, ndo mahali pa kwanza kuchanika. Ukiona ufa paka epoksi nyingine siku hiyohiyo kabla hujalala. Mzee wa Sahare ameniagiza lake lenye waya wa mita 30 na bila simu, anataka spika ndogo kwenye kopo. Nimemwambia anipe mpaka kusi litulie.